Mume wa Saa Moja

SEHEMU YA KWANZA

"Mume yuko wapi?"

Kabula aliulizwa hivyo dirishani kabla hata hajaulizwa jina. Mimba ilikuwa na miezi minne, na hiyo ndiyo ilikuwa kliniki yake ya kwanza. Alikuwa ameondoka kwake Igoma giza halijapasuka, akawahi kufika kabla ya mfagizi.

"Yuko ziwani, nesi. Anavua dagaa Goziba."

"Wote huwa wako ziwani. Jumatatu njoo naye. Ukimkosa, niletee barua ya mwenyekiti wa mtaa."

Wanawake wawili waliofika nyuma yake, kila mmoja na mume wake, wakapitishwa mbele. Mmoja wa wale waume alikuwa amevaa saa kubwa, akawa anaiangalia kama aliyeletwa na polisi.

Msomaji wangu, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mtu apime kwa ridhaa yake. Lakini foleni nayo ina sheria zake, na sheria za foleni hazipitishwi Dodoma. Nia ni njema: baba na mama wapime pamoja, wajue pamoja. Mzigo wa nia hiyo njema anabebeshwa nani? Anabebeshwa yuleyule mwenye tumbo.

Jioni alimpigia Maduhu. Simu ilikoroma, ikakata, ikarudi na upepo wa ziwa.

"Mke wangu, giza ndiyo kwanza limeanza. Nikipanda boti leo, taa atawasha nani?"

"Nesi anasema tupime wote."

"Pima wewe. Majibu yako ndiyo majibu yangu."

Simu ikakatika. Kwenye mialo yote ya Ziwa Victoria wanaume wanaisema sentensi hiyo, na wanaisema wakiwa na amani kabisa. Ni uongo. Watu wawili wanaweza kulala kitanda kimoja miaka na miaka, mmoja akawa na virusi na mwenzake asiwe navyo. Manesi wanawajua, wanawaandika kila wiki.

Mama Kulwa, jirani yake, alipoambiwa habari ya barua alicheka mpaka akaweka chini ungo wa mchele.

"Mwenyekiti huyu huyu? Utampa hela ya chai, atakuandikia, na kabla wino haujakauka mtaa mzima umeshajua mumeo amegoma kupima. Mwanangu, barua ya nini? Kwa elfu kumi unapata mume mzima."

"Mume gani?"

"Shija wa kijiweni."

Shija alikuwa dereva wa bodaboda, kijana mrefu, mpole, mwenye koti la mvua hata kiangazi. Masharti yake aliyataja kama anayetaja nauli ya Buzuruga.

"Elfu kumi, mafuta juu yako. Nakuwa mumeo kuanzia getini kuingia mpaka getini kutoka. Sikushiki mkono. Nikiulizwa jina, nataja la mumeo. Kidole natoa cha kwangu."

"Umeshafanya hii kazi?"

"Dada, mwaka 2007 Kikwete alipima pale Mnazi Mmoja na mke wake, nchi nzima ikampigia makofi. Mimi nimepima na wake za watu, hakuna hata anayenishukuru."

Kabula alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu dirishani.

Jumatatu wakapitishwa mbele, kama waheshimiwa. Ndani walimkuta nesi mwingine, mgeni, mama wa makamo mwenye sauti ya chini: Nesi Leokadia. Aliandika jina la Kabula, umri, mimba ya ngapi. Kisha akamgeukia Shija.

"Jina la baba?"

"Maduhu."

"Kazi?"

"Mvuvi. Dagaa. Goziba."

Kalamu ikasimama.

"Goziba upande gani?"

Shija hakuwahi kupanda hata kivuko cha Kamanga. "Upande wa… huku mbele," alisema.

Nesi Leokadia alimtazama muda unaotosha kusoma ukurasa mzima. Kisha akainama, akaendelea kuandika. Aliandika kwenye daftari lake, akaandika na kwenye kadi ya kliniki ya Kabula: mwenza amepimwa, na tarehe ya siku ile.

Kidole cha kushoto, pamba yenye spiriti, sindano ndogo. Tone la damu likaingia kwenye kipimo, matone ya maji maalumu yakafuata. Vipimo viwili vikalazwa mezani sambamba, kila kimoja kimeandikwa namba badala ya jina. Kabula alijaribu kuona chake ni kipi. Hakuona.

"Kasubirini kwenye benchi. Robo saa."

Aliyewahi kukaa kwenye benchi lile anajua kwamba robo saa hiyo haipimwi na saa ya ukutani. Kabula alisoma bango la vyandarua. Akasoma bango la uzazi wa mpango. Akarudi kwenye vyandarua. Mtoto alilia chumba cha chanjo, akanyamaza, akalia tena. Alijaribu kumwomba Mungu, akashindwa kujua aombe nini: kwamba damu iwe safi, au kwamba yaliyokwisha kutokea yasiwe yametokea? Ndipo wazo moja likamjia ambalo, kwa haraka ya kutafuta mume, hakuwa amelifikiria hata kidogo. Majibu yake ya siri kuliko yote, anayekwenda kuyasikia ni dereva wa bodaboda.

Shija yeye alikuwa ametulia, anachezea ufunguo wa pikipiki. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kutoka pale alipokaa aliiona meza. Ghafla ufunguo ukaacha kulia.

"Nini?" Kabula alinong'ona.

"Amefungua droo."

"Basi?"

"Ametoa boksi la pili. Uni-Gold." Shija alimeza mate. "Dada, nimepima hapa mara nyingi. Kile kipimo cha kwanza kikiwa safi, wanakuandikia unaondoka. Boksi la pili halifunguliwi mpaka la kwanza liwe limeona kitu."

"Limeona kwa nani?"

Shija hakujibu. Alikuwa anakitazama kidole chake mwenyewe.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Kabula amekodi mume wa kumpeleka kliniki. Damu zimepimwa, na nesi amefungua boksi la pili. Sasa endelea.

Robo saa ikawa nusu saa, nusu saa ikawa saa nzima. Foleni nje ilianza kunung'unika. Mara mbili Nesi Leokadia alichungulia mlangoni, na mara mbili akarudi ndani bila kuita mtu. Mara ya tatu alimwita Kabula peke yake, akamtoboa kidole kingine, akamrudisha kwenye benchi bila maelezo zaidi ya "nahitaji damu kidogo tena."

Basi si Shija. Shija naye alielewa, na kwa aibu ya furaha yake akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Hatimaye mlango ukafunguliwa wazi.

"Majibu mnapokea pamoja, au kila mtu yake?"

"Pamoja," alisema Kabula.

"Kila mtu yake," alisema Shija.

Walisema kwa mpigo mmoja. Kabula alisema pamoja kwa kuwa alidhani mke wa kweli ndivyo anavyosema. Shija alisema vile kwa sababu, pamoja na elfu kumi yake, alikuwa mtu mwenye heshima.

"Mmoja akitaka peke yake, inakuwa peke yake," alisema nesi. "Tuanze na baba."

Shija aliingia, akatoka haraka. Alipita mbele ya Kabula akiangalia chini, akaenda kusimama kwenye pikipiki yake. Kabula akaingia, akakaa, akakuta mikono yake inatafuta mahali pa kukaa.

"Mama, nitakueleza polepole. Ukitaka nirudie, nitarudia."

"Sema tu, nesi."

"Kipimo cha kwanza kimechora mstari. Cha pili hakikuchora. Nikachukua damu nyingine nikarudia vyote viwili, yakaja yaleyale. Kimoja kinasema ndiyo, kingine kinasema hapana."

"Kwa hiyo ninavyo au sina?"

"Leo sina jibu."

Kabula alikuwa amejiandaa kwa majibu mawili. Kwa usiku saba alikuwa ameyafanyia mazoezi yote, jinsi ya kulia na jinsi ya kushukuru. Hili la tatu hakuna aliyemwambia kuwa lipo.

"Nimeandika majibu tata," nesi aliendelea. "Unarudi baada ya siku 14, tunapima upya. Inawezekana maambukizi ni mapya mno, mwili haujatoa viashiria vya kutosha kwa vipimo vyote kuviona. Inawezekana vilevile huna kitu kabisa. Kipimo cha kwanza ni chepesi kushtuka, na mimba yenyewe wakati mwingine hukishtua. Ndiyo maana hatumpi mtu majibu ya kuwa na virusi kwa kipimo kimoja."

"Na mtoto?"

"Mtoto ndiye sababu nafurahi umekuja mapema. Tangu mwaka 2013 mjamzito anayekutwa na virusi anaanzishiwa dawa, awe na kinga ya juu, awe na ya chini, na anaendelea nazo maisha yote. Mama akimeza bila kuruka, watoto walio wengi sana wanazaliwa salama. Nimewapokea kwa mikono hii. Lakini hapo hatujafika. Sawa?"

"Sawa."

"Katika siku hizi 14, mumeo akikukaribia, kondomu. Au msikaribiane."

"Sawa, nesi."

"Nimesema mumeo."

Kabula aliinua macho. Nesi Leokadia aliinuka, akaufunga mlango, akarudi kukaa, safari hii si ng'ambo ya meza bali kwenye stuli ya wagonjwa, goti kwa goti.

"Huyo aliyesimama kwenye pikipiki, mama, si mumeo."

Kabula alifungua mdomo. Alikuwa na uongo wa aina tatu tayari, wote mzuri, wote wa Mama Kulwa. Hakuna hata mmoja uliotoka.

"Sikugombezi. Usingekuja na mume wa kukodi leo, ningekupokea siku ya uchungu, bila kipimo chochote. Nimeshaona mengi."

"Umejuaje, nesi?"

Nje pikipiki ilipigwa kiki, ikazima.

"Hilo," alisema Nesi Leokadia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka, "hata ungenipigia magoti, sheria hainiruhusu kukwambia."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Kabula amepewa majibu tata na siku 14 za kusubiri. Nesi amegundua kuwa mume aliyekuja naye si wake, lakini amekataa kusema amejuaje. Sasa endelea.

Sheria? Sheria gani?

Kama nesi alimjua Shija kwa kumwona barabarani amebeba abiria, hapo hapakuwa na sheria ya kuvunja. Angesema tu: huyu ni bodaboda, jana alinipeleka sokoni. Siri ya sheria inamlinda mgonjwa. Kabula aligeuza maneno hayo akipika, akifua, akiwa kitandani, na kila alipoyageuza yaliangukia palepale. Nesi hakumjua Shija. Nesi alimjua Maduhu.

Au labda alikuwa mtu mzima mwenye macho tu, aliyeona wawili wasioketi kama mke na mume.

Siku za kwanza alihesabu nyuma. Maduhu alikuja lini mara ya mwisho, alikaa usiku ngapi, alikohoa? Alikonda? Halafu, kwa kuwa usiku mtu hawezi kujidanganya vizuri, akahesabu na yake mwenyewe. Kabla ya Maduhu kulikuwa na mtu Sengerema, na huyo hakuwahi kumuuliza chochote, wala yeye hakuwahi kuuliza. Hesabu ikarefuka, ikapotea.

Alimkumbuka shangazi yake upande wa mama, Muleba. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizokuja kwa magendo kutoka Uganda. Miaka ya tisini shangazi alitolewa damu, ikabidi isafirishwe maabara, majibu baada ya majuma. Hakurudi kuyachukua. Alisema mtu asiyejua ana nafuu. Alizikwa na nafuu yake hiyo, na dawa za bure hazikuwepo. Zilianza kutolewa nchini mwaka 2004.

Siku ya tisa alikwenda kijiweni. Shija alimwona kwa mbali, akamkimbilia.

"Dada, hela yako." Akamnyooshea noti ya elfu kumi. "Sijaweza kuila."

"Kaa nayo. Niambie kitu kimoja tu. Yule nesi alikuwa anakujua?"

"Hanijui. Ningejua. Yule ana mwezi mmoja tu pale, amehamishwa."

"Kutoka wapi?"

Shija alivua kofia ngumu, akaikalia, akasimama tena.

"Nilitaka nisikwambie, kwa hali yako. Niliuliza kwa mlinzi, baada ya lile swali la upande gani. Kabla ya kuja hapa alikuwa zahanati ya kisiwani. Goziba."

Kabula alirudi nyumbani kwa miguu, na njia haikumbuki.

Mwezi uliendelea kukua. Mke wa mvuvi wa dagaa hahitaji kalenda: mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, kambi inalala na wanaume wanarudi majumbani. Siku ya 13, jioni, mwezi ukiwa mviringo juu ya paa la Mama Kulwa, Maduhu aliingia na begi lake, furushi la dagaa wakavu na kitenge kipya. Alimkumbatia kwa ubavu, asibane tumbo.

"Mama mtoto! Kliniki walisemaje?"

"Walisema nirudi kesho."

"Kesho nakusindikiza. Mwenyewe."

Alisema kwa furaha, akaenda kuoga. Kabula alisimama katikati ya chumba, maji yakimwagika bafuni. Hakuwahi kupekua begi la mume wake. Mama yake alimfundisha kwamba begi la mume ni mdomo wa mamba. Alilifungua. Mashati mawili, tochi, wavu uliokatika, sabuni. Chini kabisa, ndani ya soksi, kichupa cheupe cha plastiki.

Kilikuwa hakina lebo. Ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha. Alikitikisa. Kimya. Alikifungua, akakuta pamba, imeshindiliwa mpaka mdomoni. Sauti ya Mama Kulwa ikamjia kutoka siku nyingi, wakati ule ilikuwa umbea tu: wanaoficha njugu, zile dawa za virusi, mwanangu, wanatia pamba kwenye chupa zisilie.

Maji yalikoma bafuni. Kabula alikisokomeza kichupa kwenye mfuko wa gauni, akafunga begi, akakimbilia kitandani na kujilaza.

"Usiamke," alisema Maduhu alipotoka, taulo shingoni. "Leo napika mimi. Mtoto ale ugali wa baba yake."

Katika miaka yao mitatu ya ndoa Maduhu hakuwahi kugusa mwiko. Kabula alitabasamu ukutani, na tabasamu halikumaliza safari. Unga. Alikuwa ameficha kadi ya kliniki ndani ya debe la unga, chini kabisa, mahali ambapo mwanamume yeyote wa nyumba ile asingepeleka mkono.

Alisikia mfuniko wa debe. Alisikia bakuli likichota. Kisha hakusikia kitu.

Maduhu alikuja akasimama mlangoni, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, kadi imefunguliwa.

"Kabula. Hapa pameandikwa mwenza amepimwa." Alisoma tarehe kwa sauti, tarakimu moja moja. "Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa majini, na watu sita ndani ya mtumbwi. Huyu mume aliyepima na wewe ni nani?"

Kabula aliinuka. Hofu aliyokuwa nayo siku 13 ilikuwa imempita, kilichobaki hakukijua jina. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka kichupa juu ya kitanda, katikati yao.

"Nitakujibu. Na wewe utanijibu hiki."

Maduhu alikitazama kile kichupa. Alikitazama muda mrefu, kadi ikamshuka mkononi, unga ukidondoka sakafuni. Hakukana. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale mlangoni, mgongo kwenye fremu, na aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kabla sijasema neno, niambie. Nesi aliyekupima, anaitwa Leokadia?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

Maduhu amelijuaje jina la nesi? Ile pamba ilikuwa inafunika dawa za nani? Na mstari ule mmoja, kesho, siku ya 14, utarudi au hautarudi? Usikose sehemu ya nne. Na wewe unayekuja na gazeti hili kliniki ukalisomea kwenye benchi, nesi akikuita, likunje uingie, Kabula atakusubiri.